Jino Zima la Mama Mkwe

Mwezi uliopita nilikabidhi makoleo saba, vioo vitatu vya mdomoni, sindano mbili za chuma na sufuria ya kuchemshia vyombo iliyokatika mkono mmoja. Kijana aliyepokea aliviangalia kimoja kimoja, akatia sahihi, kisha akaniuliza kama nina neno la kumwachia. Nikamwambia anawe mikono. Njiani kurudi nyumbani niliona aibu, maana mtu aliyekaa chumba cha meno tangu mwaka uliofuata Uhuru alipaswa kuwa na neno refu kuliko hilo. Basi nimekaa nimeliandika, kwa ajili yake na wenzake wanaozunguka na mikoba ya meno huku kwetu Unyamwezi.

Habari za vyeo sitazigusa. Vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Siku ya kwanza sikuwa hata mtu wa meno. Nilikuwa mfagizi wa wodi, mtoto wa fundi cherehani wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini, niliyeajiriwa kwa sababu nilijua kusoma na nilisema siogopi damu. Hilo la pili nilidanganya. Asubuhi ile nilitumwa kumpelekea ndoo Mzee Kondo, mng'oa meno wa hospitali. Nilimkuta amemkalisha mfanyakazi wa reli, pande la mtu, machozi yanamtiririka kimya kimya. Mzee Kondo hakuniuliza jina. Alisema, "Weka ndoo, shika kichwa." Nikashika kichwa. Jino lilipotoka, aliyekuwa chini sakafuni ni mimi, na yule mtu wa reli ndiye aliyekuwa akinipepea kwa kofia yake.

Kesho yake Mzee Kondo aliniomba kwa wakubwa niwe msaidizi wake. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyekwisha kuzimia hana tena jipya la kuogopa. Alikuwa mzee mfupi wa Ujiji, ana mikono midogo na sauti ya chini, na sikumsikia hata siku moja akimkaripia mgonjwa. Sisi wasaidizi alitukaripia kwa niaba yao.

Kwake nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye kitabu tulichopewa. Koleo lipashwe kwa maji ya moto lisiwe baridi mdomoni. Lisifichwe nyuma ya mgongo, maana mgonjwa anajua lipo na akiliona limefichwa atadhani ni kubwa zaidi. Jino halivutwi kama mhogo. Unalisukuma ndani, unalirudisha nje, polepole, mpaka lenyewe lichoke kushikilia. Halafu yapo mawili aliyoyarudia mpaka nikayachukia. La kwanza: mtazame mgonjwa usoni, kwa sababu mdomo ukishajaa vidole vyako ni macho tu yaliyobaki ya kusemea. La pili: usishike koleo kabla mgonjwa hajaweka kidole chake mwenyewe juu ya jino linalomuuma. Siyo kidole cha mume, wala cha mama, wala chako wewe uliyesoma. Chake.

"Hata kama ninaliona limeoza, mzee?" nilimuuliza siku moja.

"Hata kama linanuka mpaka stesheni. Mwambie, weka kidole."

Alinifundisha pia habari za pengo, ambazo wengi wenu mnazipuuza. Mkishatupa pamba na kuita mwingine mnadhani kazi imekwisha, kumbe ya mgonjwa ndiyo inaanza. Mwambieni aume pamba na asisukutue siku hiyo, maana damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha shimo. Maji ya chumvi ni kesho. Mwambieni kwamba ulimi utakwenda pale kila saa, kwa mwezi mzima, na pengo litaonekana kubwa kuliko lilivyo. Nilipoanza kwenda vijijini miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, niliwaambia watu kwamba ulimi ni kama mtu aliyehamishwa, lazima atarudi mara kwa mara kutazama kiwanja chake cha zamani. Walicheka sana, ingawa katibu wa kijiji kimoja aliniomba nitafute mfano mwingine.

Na jambo moja la huku: mtu haachi jino lake hospitali. Kumwachia mgeni kiungo chako ni kumpa nafasi ya kukuroga. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilitupa jino la bibi mmoja ndooni, naye akakaa mlangoni mpaka nikaingiza mkono kulitafuta katikati ya pamba za watu kumi na wawili. Tangu hapo kila jino nililifunga kwenye karatasi nikampa mwenyewe. Babu za watu hawa walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo kwa ajili ya Waarabu, jino la tembo siku mia njiani. Sioni kwa nini mjukuu asibebe lake mwenyewe mpaka nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Nilioa kijiji kimoja kilichoko kwenye njia ile ile ya zamani ya misafara, mwendo wa karibu siku nzima kwa baiskeli kutoka mjini. Mke wangu anaitwa Kabula. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na mama yake, mama mkwe wangu, jina lake sitaliandika. Mkwe halitamki jina la mama mkwe, na sikuona sababu ya kuanza leo. Wasomaji wangu wa huku wanajua ukwe wa Kinyamwezi ulivyo, ila kwa aliyeletwa kutoka Tanga au Bukoba nitasema kwa kifupi. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anapisha porini. Wakiwa na neno la kuambiana, linapita kwa mtu wa katikati. Siyo chuki, ni heshima, na heshima hiyo kwa mtoto wa mjini kama mimi ilikuwa na mtihani zaidi, kwa sababu wakwe zangu walishanong'ona tangu posa kwamba watu wa Ng'ambo wanasalimia huku wanatafuna.

Basi nikajitahidi kupita kiasi. Nilipokuwa ukweni nilitembea nimeinama kama niliyedondosha sindano. Kwa miaka tisa ya ndoa nilimjua mama mkwe kwa miguu yake, kwa kanga zake, na kwa kicheko chake zaidi ya vyote. Kilikuwa kicheko kikubwa kinachoanza chini kifuani, kikipanda kinasikika mpaka ng'ambo ya shamba la kijiji. Wanawake walipolima tumbaku ya pamoja, yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha. Nilikuwa nikikaa uani kwa shemeji nikisikia kicheko kile, nafurahi kwamba nimeoa kwenye nyumba yenye furaha. Shikamoo yangu niliitoa nikiwa nyuma ya ukuta. Marahaba yake ilirudi kupitia ukuta huo huo.

Mwaka uliofuata kuhamishwa kwa watu wale kwenda kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mahindi, nilifika pale na Landrova ya hospitali kung'oa meno. Mzee Kondo alikwisha kustaafu na kurudi Ujiji, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mkoba. Tulipewa ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wamejaa mlangoni wakichungulia. Karibu na saa nane, mstari ukiwa umepungua, akaingia Shangazi Nyamizi, dada wa marehemu baba mkwe, ameshika mkono wa mtu aliyejifunika kanga gubigubi kutoka kichwani mpaka kiunoni. Niliitambua miguu.

Nikageukia ukuta. Shangazi akasema, "Baba, mgonjwa ni huyu. Usiku wa nne halali."

"Shangazi, yupo mwenzangu atakuja mwezi ujao..."

"Mwezi ujao tutamzika," alisema Shangazi Nyamizi. Alikuwa mtu wa kukata maneno. "Wewe ng'oa. Atabaki amejifunika, mdomo tu utaonekana. Wewe tazama mdomo. Mdomo siyo uso."

Nikiwa bado nimetazama ukuta, nikauliza ni jino gani. Nilisikia sauti ikinong'ona chini ya kanga, "Wifi, mwambie mkwe ni la chini, nyuma ya chonge, upande wa magharibi." Shangazi akalirudia kwa sauti kubwa, na nusu ya kijiji mlangoni nayo ikalirudia, upande wa magharibi.

Nawaomba msome hapa taratibu. Kiti kilikuwa kimetazama mlango, na mlango ulitazama kaskazini, kwa hiyo magharibi ilikuwa shavu lake la kushoto. Lakini mlango ulikuwa umezibwa na vichwa vya watu, ndani giza, nami nilihitaji mwanga wa dirisha lililokuwa ukuta wa pili. Nikakigeuza kiti. Nilimwomba Shangazi amgeuze mgonjwa naye, akageuka, akakaa ametazama kusini. Nikasogea nikiwa nimeinamisha macho, nikamwambia afungue mdomo, na kichwani mwangu magharibi ilikuwa bado magharibi. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa shavu la kulia.

Kama ningemtazama usoni ningeona jinsi macho yalivyoshangaa. Kama ningesema weka kidole, angeweka. Lakini kumwambia mama mkwe aingize kidole mdomoni mbele yangu, na watu wanatazama, niliona ni utovu wa adabu usio na mfano. Nilichungulia kwenye tundu la kanga. Jino la kulia nyuma ya chonge lilikuwa na weusi. Nikajiambia ndilo. Weusi ule, nilikuja kujua, ulikuwa wa ugoro anaouweka upande huo. Nikapiga ganzi, nikangoja, nikang'oa. Lilikuwa gumu sana kutoka, na jino gumu namna ile lilikuwa linaniambia kitu, nami sikusikiliza. Nikalifunga kwenye karatasi bila kulitazama, nikampa Shangazi. Nikatoa maelezo yote ya pamba na chumvi nikiuambia ukuta.

Watu walinisifu. Mzee mmoja alisema hadharani kwamba mtoto wa mjini ameng'oa jino la mkwe bila kumwona mkwe. Nilirudi Tabora nimevimba kichwa.

Siku ya tano lori la kijiji lililoleta tumbaku mjini lilisimama mbele ya hospitali. Juu ya marobota alikuwa Shangazi Nyamizi, na kando yake kitu kimefunikwa kanga, kinapumua kwa sauti ya msumeno. Niliitwa kwa kelele. Daktari alikuwa safarini Nzega, anarudi kesho yake. Tulimshusha, tukamweka kwenye kiti changu, na Shangazi akaniambia kwamba tangu juzi hamezi hata uji, na tangu alfajiri hamezi hata mate.

Nilisimama pale mbele ya kanga. Kisha nikasema moja kwa moja, bila Shangazi, "Mama, nisamehe. Nitakutazama."

Nikaifunua.

Macho yalikuwa ya Kabula, yale yale, isipokuwa yamechoka. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umevimba mpaka chini ya kidevu, ngozi inang'aa, shingo imekaza. Upande wa kulia, nilikong'oa, kulikuwa kukavu na kuzuri, pengo safi ambalo ningemwonyesha mwanafunzi. Nilielewa yote kwa mara moja.

"Mama," nikasema, "niling'oa jino zima. Nimekosea mimi."

Alinitazama. Midomo haikufunguka vizuri, lakini nilisikia. "Najua, baba."

Alijua tangu siku ile ile. Jioni aliifungua karatasi, akaona jino jeupe lenye mizizi mizima, akalifunga tena. Alijua hata kabla, sindano ilipoingia upande usiouma, lakini alidhani labda sisi watu wa hospitali tunaanzia mbali ili maumivu yasishtuke. Na baada ya hapo alinyamaza. Shangazi aliniambia baadaye mama alivyojibu alipobanwa: angesemaje? Mkwe aambiwe mbele ya watu wake wa kazi kwamba haoni? Mama yule alikuwa tayari kufa ili mimi nisiaibike. Nimekaa na neno hilo miaka mingi na bado halijakaa vizuri moyoni.

Nikanyoosha mikono yangu mbele yake ili aione mitupu, nikasema nilichopaswa kusema siku tano nyuma. "Mama, weka kidole."

Akainua mkono polepole, akaweka kidole shavu la kushoto, kisha akakisogeza mpaka ndani, juu ya jino. Nilifanya nilivyofundishwa. Nilipasua uvimbe usaha utoke, nikalitoa lile jino, na muuguzi akampiga penisilini. Nilikaa naye mpaka daktari aliporudi kesho yake mchana. Kila pumzi yake niliisikiliza. Kabula alikaa upande wa pili wa kitanda na hakunisemesha, wala sikumlaumu. Siku ya tatu mama alimeza uji. Alikaa wodini siku tisa.

Katika kitabu cha wagonjwa niliandika kwa mkono wangu kwamba jino lililong'olewa kwanza halikuwa na ugonjwa, na kwamba kosa ni la mng'oaji. Mwenzangu mmoja aliniambia nimejiroga. Labda. Lakini nilikuwa nimeona mahali ambapo kunyamaza kulitaka kutufikisha.

Wazee wa ukweni waliitisha kikao. Kwa kosa la kumtazama mama mkwe usoni walikuwa na jibu tayari, nalo ni mbuzi. Kwa kosa la kung'oa jino zima la mkwe hawakuwa na kiwango. Walikaa nusu siku wakiulizana kama liliwahi kutokea, wakakubaliana halijawahi, wakala mbuzi. Wakasema kutazamana kule kulikuwa kwa matibabu, na matibabu yamekwisha, kwa hiyo ukwe urudi kama zamani. Ukarudi. Mimi porini, yeye nyuma ya kanga.

Ambacho hakikurudi ni kicheko.

Alikuwa na mapengo mawili sasa, moja kila upande, na yote mawili yalionekana akicheka. La kushoto ni la ugonjwa, hilo halikumsumbua. La kulia lilikuwa langu. Kabula aliniambia kwamba mama hucheka kwa mkono mdomoni, kisha akaacha hata kucheka hivyo, shambani anafanya kazi kimya. Nilikwenda ukweni nikakaa uani kwa shemeji kutwa nzima. Nilisikia majembe, nilisikia wanawake wengine. Yeye sikumsikia. Kwa mtu niliyemjua kwa kicheko tu, ilikuwa kama ameondoka hapo nyumbani.

Nikaamua nimtengenezee meno. Sisi Tabora hatukuwa na fundi wa meno ya bandia. Wenye uwezo walikwenda kwa sonara mmoja wa Kihindi kutiwa dhahabu, na dhahabu haikufaa kwa mwanamke wa shamba la ujamaa. Niliandika barua Dar es Salaam. Wakanitumia unga wa kuchukulia chapa ya fizi na meno. Nilimfundisha Shangazi Nyamizi kuukoroga na kuushindilia mdomoni mwa wifi yake, mimi nikiwa nje ya mlango nahesabu kwa sauti mpaka ugande. Chapa ya kwanza ilitoka na nusu ya ugoro. Ya pili ilikuwa nzuri. Nikaifunga kwa pamba kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaipakia kwenye treni.

Meno yalirudi baada ya miezi minne, mawili kwenye kibao cha rangi ya waridi, meupe mno, kama yalitengenezwa kwa ajili ya mtu wa picha. Niliyapeleka mwenyewe kwa baiskeli. Aliyavaa ndani, nikasikia Shangazi akipiga makofi. Lakini yalimfanya aseme kwa kupiga mluzi, na kwa ugali yalikuwa yanacheza. Nikayasugua kwa msasa nje ya mlango, yakaingia tena, yakatoka tena, karibu mchana wote. Wiki chache baadaye nikapata habari kwamba ameyaweka koponi na anayavaa sikukuu tu. Halafu Shangazi akayaazima kwenda nayo harusini Sikonge. Vijana wangu, andikeni hili: meno ya bandia hayaazimani kama sufuria. Nililisema kwa ukali kupitia ukuta. Shangazi akajibu kwamba yalimkaa vizuri kuliko mwenyewe.

Ni yale meno, hata hivyo, yaliyofanya kazi, ila siyo kazi niliyoyaagizia. Siku ya Saba Saba ya mwaka uliofuata tulikuwa ukweni, wanaume tumekaa nje, wanawake na watoto ndani wanakula. Mama alikuwa ameyavaa kwa heshima ya siku. Akapiga chafya. Meno yakaruka, yakatumbukia kwenye bakuli la mchuzi mbele ya wajukuu. Kisha mwanangu wa kwanza, wa miaka saba, akauliza, "Bibi, na hayo tunakula?"

Nikasikia kikianza chini kifuani. Kilipanda, kikapita ukuta, kikapita mstari wa nyumba, kikafika ng'ambo ya shamba. Alicheka mpaka akakohoa, na Kabula aliniambia mkono haukwenda mdomoni. Mimi nilikuwa nje nimeshika tonge, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia mbele ya shemeji zangu wote.

Tangu siku hiyo sijang'oa jino lolote, la mkubwa wala la mtoto, la sheikh, la padri, wala la mkuu wa wilaya, bila mwenyewe kuweka kidole. Mkuu wa wilaya mmoja alikataa, akasema yeye siyo mtoto. Nilikaa nikamngoja na kiti chake. Waliokuja Ulyankulu, wakimbizi kutoka Burundi, wengi hatukujuana lugha, lakini kidole hakikuhitaji mkalimani. Na ukwe wa mtu ukiingia chumbani kwangu niliuomba radhi, kisha nikautazama usoni.

Naendelea, nimekaribia mwisho.

Wiki moja baada ya kukabidhi vile vyombo, mama mkwe alituma neno niende. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Nilifika asubuhi, nikapita nyuma ya ukuta kama kawaida yangu, nikatoa shikamoo. Marahaba haikuja. Badala yake nikasikia, "Zunguka, baba. Njoo huku mbele."

Nikabaki nimesimama.

"Wifi yangu amekufa," alisema. Kweli, Shangazi Nyamizi tulimzika masika yaliyopita. "Wa kukuletea maneno hayupo tena. Nitakuwa nauambia ukuta mpaka lini?"

Nikazunguka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda juani, kanga iko mabegani, kichwa wazi, mvi tupu. Sikujua niweke wapi macho, kwa hiyo nikayaweka kwake. Alifungua mdomo. Fizi zilikuwa laini kama za mtoto, na mbele chini limesimama jino moja, limelegea, linacheza kwa pumzi.

"Mama, nimekwisha kustaafu," nikasema. "Sina koleo. Nilikabidhi."

"Ndiyo maana nimekuita. Zamani ulikuwa wa serikali, ungekuja na mkoba na watu mlangoni." Akanitazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayelipiza miaka ya kutotazama. "Na safari hii huwezi kukosea, mwanangu. Limebaki moja tu."

Niliomba maji na sabuni, nikanawa mpaka viwikoni. Nikachukua kitambaa safi, nikapiga goti mbele ya kigoda mahali ambapo jua lilimpiga usoni. Lilikuwa jino moja katika mdomo mzima. Hata hivyo nikasema, "Mama, weka kidole."

Akacheka kile kicheko chake, jirani wa mstari wa tatu akachungulia. Kisha akaweka.